Ugomvi wa Damu na Ukuta wa Mshipa Ulivyofika Mulago

Kila Oktoba 13 dunia huadhimisha Siku ya Thrombosi, yaani kuganda kwa damu mishipani. Tarehe hiyo alizaliwa Rudolf Virchow, mwaka 1821, Mjerumani aliyelipa tatizo hilo jina. Heshima anaistahili. Ila mpinzani wake wa Vienna amesahaulika, na kazi ya hospitali ya Mulago, Kampala, tumeisahau sisi wenyewe wa Afrika Mashariki.

Mpinzani huyo ni Carl von Rokitansky, bingwa wa kupasua maiti. Ndani ya ateri za wazee alikuta magamba ya manjano, tabaka juu ya tabaka. Katika kitabu chake cha miaka ya 1840 akatamka kwamba magamba hayo hutoka katika damu yenyewe: fibrini, nyuzi za protini zinazogandisha damu, hujibandika ukutani, kisha hugeuka mafuta na chokaa. Mwaka 1846 Virchow, kijana wa miaka 25, akamvaa hadharani, akiiponda nadharia nzima ya Rokitansky kwamba magonjwa hutoka katika damu kuwa imepitwa na wakati kupita kiasi. Rokitansky akaiondoa katika toleo lililofuata. Kwa Virchow, ugonjwa wa ateri ulianzia ndani ya ukuta wa mshipa, na neno lake ndilo lililotawala hadi J. B. Duguid wa Uingereza alipofufua hoja ya fibrini mwaka 1946.

Zamu yetu ikafika. Mwaka 1960 Wilbur Thomas wa Marekani, Jack Davies wa Makerere na wenzao walichapisha ulinganisho wa maiti 632 wa Mulago, Uganda, na 632 wa St. Louis, wa umri na jinsia sawa. Athari za shambulio la moyo zilionekana kwa watu 136 wa St. Louis; kwa Uganda, mmoja tu. Mabonge ya damu kwenye vena na mapafu nayo yalikuwa adimu Uganda, dalili kwamba kuganda kwa damu na ugonjwa wa moyo huenda pamoja.

Leo inajulikana kwamba Virchow na Rokitansky wote wawili walishika ukweli: lehemu na uvimbe huharibu ukuta, na fibrini hunasa lehemu zaidi.

Kinga ile ya watu wa Uganda haikuwa ya rangi ya ngozi, bali ya namna ya kuishi, nasi tunaipoteza. Hapa Kagugu, Kigali, tunakaa ofisini kutwa na kurudi nyumbani kwa pikipiki. Jiji letu lina Siku Isiyo na Magari tangu 2016, na siku hiyo vipimo vya presha na sukari hutolewa bure. Nendeni mkapimwe. Na vyuo vyetu vya udaktari viifundishe kazi ya Mulago kama urithi wetu.