Kwa Nini Mama Zetu Waliweka Akiba Katika Bitenge

Katika semina za akiba hapa Kakuma kuna maneno yanayorudi kila mara: "Wakimbizi hawana mazoea ya kuweka akiba. Wakipata pesa kidogo wananunua nguo." Nimeyasikia kwa wakufunzi, na nimeyasikia kwa vijana wenzangu wakiwacheka mama zao. Mimi nafanya kazi na vijana, na wengi wao wazazi wao wanatoka Kivu, Maniema na Katanga. Nimeona ni vizuri tuandike historia kidogo. Ukijua mambo yaliyoipata pesa ya Kongo, utaona yule mama mwenye bitenge kumi sandukuni hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa na hesabu zake.

Nitaandika "bitenge" badala ya vitenge, maana ndivyo tunavyosema nyumbani.

Nguo ilikuwa pesa kabla ya noti

Miaka ya 1800, misafara ya biashara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Hakuna aliyebeba noti. Walibeba nguo, shanga na waya. Nguo iliyotafutwa sana iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani, upande wa Massachusetts, ikaletwa Zanzibar kwa meli. Ilipimwa kwa shuka na doti, na shuka 2 zilifanya doti 1. Kwa nguo hiyo watu walinunua chakula, walilipa wapagazi, walilipa hongo ili wapite katika nchi ya mtawala. Sokoni Ujiji shanga zilizoitwa sofi zilifanya kazi ya chenji. Katanga nako misalaba ya shaba ilikuwa pesa.

Kisha wakaja Wabelgiji na faranga yao, na kodi iliyotakiwa kulipwa kwa faranga hiyo. Watu wakajifunza pesa ya karatasi, wapende wasipende. Lakini nguo haikuondoka kwenye mahari, wala kwenye msiba, wala kwenye sanduku la mama. Kwa hiyo kuweka mali katika kitambaa si jambo la juzi. Kwetu lina miaka mingi kuliko benki.

Pesa iliyokufa mara tatu

Juni 1967 serikali ya Mobutu ilileta pesa mpya iliyoitwa zaire. Zaire 1 ilikuwa na makuta 100, na ilikuwa na nguvu kweli: zaire 1 ilinunua dola 2 za Marekani. Mpaka leo wazee wetu wengi wanasema "sina makuta" wakimaanisha hawana pesa. Sarafu yenyewe ilishakufa, jina lake bado linaishi mdomoni.

Mambo yakaanza kuharibika. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni nyingi za wageni zinachukuliwa na kupewa Wazaire. Wengi waliopewa walikuwa watu wa karibu na utawala. Wengine waliuza bidhaa zilizokuwemo, wakashindwa kujaza rafu tena. Mwaka uliofuata bei ya shaba duniani ikaanguka, na shaba ndiyo iliyokuwa ikilisha nchi. Bei za sokoni zikapanda, mshahara ukabaki palepale.

Kifo cha kwanza cha pesa kilikuja Desemba 1979. Serikali ilitangaza ghafla kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifai tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzipeleka benki, na kulikuwa na kiwango ambacho mtu mmoja hakuruhusiwa kukizidi. Sasa fikiria mkulima anayekaa mwendo wa siku mbili au tatu kutoka kwenye benki. Fikiria mama aliyeficha noti zake ndani ya chungu bila kumwambia mtu. Asubuhi alikuwa na akiba, jioni ana karatasi. Huyo alikuwa ameweka akiba kama semina inavyotaka, na ndiye aliyeumia kuliko jirani yake aliyenunua mbuzi.

Kifo cha pili kilikuwa cha polepole, halafu kikawa cha haraka. Serikali ilichapa noti ili kulipa madeni yake. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema si pesa halali, wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo walikwenda sokoni, wakakataliwa, wakageuka na kupora Kinshasa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya: kwa zaire za zamani milioni 3 ulipata zaire mpya 1. Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia noti za zamani. Hata hiyo mpya haikusimama, kwani mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000.

Kifo cha tatu ni cha 1998. Mobutu alikuwa ameshaondoka, na serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikarudisha faranga. Faranga 1 ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000.

Tupige hesabu pamoja. Mara 100,000 kwa milioni 3 ni bilioni 300. Yaani zaire zilizoanza na nguvu mwaka 1967 zilihitajika bilioni 300 ili kupata faranga 1. Na faranga yenyewe nayo ilishuka: mwanzoni dola 1 ilikuwa chini ya faranga 2, kufikia mwisho wa 2020 ilikuwa karibu 2,000.

Mtu aliyeishi miaka yote hiyo, ukimwambia "weka pesa kidogo kidogo, usiiguse," anakuangalia tu. Hakosi nidhamu. Anakumbuka.

Nyumba ilivyobana

Basi watu walifanya nini? Waliigeuza pesa kuwa kitu haraka iwezekanavyo, kabla haijaoza. Baba alinunua bati moja moja, manjanja kama tunavyoyaita, akayalaza chini ya kitanda mpaka yatoshe nyumba. Wengine walifuga mbuzi. Waliokuwa karibu na mpaka walitafuta dola, wakazitunza bila mkunjo, kwa sababu Kongo dola yenye mpasuko hata mdogo inakataliwa.

Na mama alinunua kitenge. Tukiangalia vizuri, kitenge kina sifa ambazo hata mkufunzi wa akiba angezipenda. Hakiliwi kwa siku moja kama sukari. Kila mtu sokoni anajua bei yake. Kipande cha yadi 6 kinakatwa kikawa vipande vitatu, kwa hiyo unaweza kuuza sehemu ukabaki na sehemu. Kinaruhusiwa kwenye mahari, kwenye harusi, kwa mgonjwa, kwa mzazi aliyejifungua. Jambo jingine ni kwamba kilikuwa cha mama mwenyewe. Pesa mume angeweza kuidai, bitenge vya mke si rahisi kuvigusa.

Mwaka 1996 vita vilipoingia Kivu ya Kusini, watu wakakimbilia ziwani kuvuka kwenda Kigoma, kila akiba ilipimwa upya. Manjanja hayakimbii na mtu. Mbuzi walichukuliwa njiani. Kitenge kilifungwa kichwani, kiunoni na mgongoni pamoja na mtoto, na ng'ambo kiliuzika. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na familia nyingi zilianza maisha kwa kilichobaki kwenye fungu hilo la nguo.

Kubana ndani ya nyumba nako kulikuwa na mbinu zake. Bidhaa ziligawanywa katika vipimo vidogo sana: mafuta kwa kijiko, chumvi kwa fundo, makala kwa rundo la kupika mara moja. Kinshasa waliita vipimo hivyo "kadogo," neno la Kiswahili lililoingia na askari watoto wa Kabila. Hapohapo Kinshasa walikuwa na "gong unique," maana yake kengele inalia mara moja tu: mlo mmoja kwa siku. Wengine walifikia kula kwa zamu, leo watoto, kesho wakubwa, wakaiita delestaji, jina la umeme unapokatwa kwa zamu mtaa kwa mtaa.

Hapa tuwe waangalifu. Kuna kubana na kuna kukosa. Mama anayefunika sufuria ili apunguze makala anabana. Mama anayelala bila kula ili watoto wale hajaweka akiba yoyote, ameulipa upungufu kwa mwili wake. Vitu hivi viwili tusivipe jina moja.

Watu kama benki

Kitu kingine kilichobaki pale benki ziliposhindwa ni watu. Kinshasa wanaita likelemba, kwetu Kivu wengi husema likirimba, Tanzania ni upatu, Kenya ni chama. Watu kumi wanachanga kila wiki, mmoja anabeba zote, wiki ijayo mwingine. Angalia ujanja wake: pesa hailali. Inakusanywa asubuhi, mchana imeshakuwa gunia la maharage au kitenge. Katika nchi ambayo noti inapungua nguvu kila siku, hiyo ni akili kubwa.

Vikundi tunavyofundishwa leo, vile vya sanduku lenye kufuli tatu, vilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliofanya kazi na shirika la CARE. Ni mfumo mzuri, nami naufundisha. Unaongeza mkopo, daftari na mgawo wa mwisho wa mzunguko. Lakini mama wa Uvira akiingia kwenye kikundi hicho haanzi darasa la kwanza.

Tusidanganyane

Sisemi njia za wazazi hazikuwa na kasoro. Kitenge kinaliwa na panya na mchwa, kinapitwa na mtindo, na kopi za bei rahisi zimeshusha bei ya vile vya zamani. Likirimba inavunjika pale aliyebeba kwanza anapohama usiku. Na tamaa ipo kila mahali: mwaka 1991 watu wengi wa Kinshasa walipoteza akiba zao katika mchezo wa Bindo, ulioahidi kuzidisha pesa kwa muda mfupi. Vijana mnaotumiwa meseji za "wekeza leo upate mara mbili," hiyo hadithi wazazi wenu wameshaiona mwisho wake.

Tena shilingi ya Kenya si zaire. Pesa iliyo kwenye simu haifi usiku mmoja kama noti za 1979, kwa hiyo mtu anaweza kuacha sehemu ya akiba yake kwenye simu au kwenye sanduku la kikundi, na sehemu nyingine katika vitu. Kugawa hivyo ndivyo wazazi walivyofanya: bati, mbuzi, nguo, watu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika ninaombi moja. Tangu Bamba Chakula ilipoanza mwaka 2015 tumejazishwa fomu nyingi kuhusu matumizi yetu, na mgao umepunguzwa si mara moja. Mkija na somo la akiba, anzeni kwa kuuliza nyumba hiyo tayari inatunza nini, na ilipoteza nini huko nyuma. Na pale ambapo kengele inalia mara moja kwa siku, msilete somo la akiba kabisa. Leteni chakula kwanza.

Kwenu vijana wenzangu, wiki hii muulizeni mama au bibi mambo matatu: mwaka 1993 ulikuwa unaweka wapi akiba yako? Ulipokimbia ulibeba nini? Ulikiuza wapi na kwa bei gani? Andikeni majibu kwenye daftari, na mwaka.