Njia ya Maradhi na Njia ya Hospitali

Chama kimeona vema kuweka katika taarifa hii habari za maradhi makuu mawili yaliyopita nchini, hasa jinsi watu wa Kakamega walivyofika kwa mganga, au walivyoshindwa kufika.

Mwezi wa Septemba, 1918, homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda gari la moshi. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, nako ni yapata kilometa 50 tu kutoka kwetu. Vita vilipokwisha, wapagazi wa Kariakoo nao wakarudi makwao. Hivyo maradhi yalipata usafiri mwema, wagonjwa hawakuupata. Misheni ya Friends ilikuwako Kaimosi tangu 1902, lakini asiyeweza kutembea ilimbidi achukuliwe mabegani, na nyumba ambamo wote wamelala kwa homa haikuwa na wachukuzi.

Maradhi ya korona yalipotangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, lami ilikuwapo, na boda boda zilifika hata vichochoroni. Ungedhani shida ya 1918 imekwisha. Lakini matatu ya viti 14 iliamriwa kuchukua abiria 8, nauli zikapanda. Boda boda iliruhusiwa abiria mmoja tu, hata mama mwenye uchungu asiwe na wa kumshika nyuma. Tangu 27 Machi kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni kweli, safari ya mgonjwa mahututi iliruhusiwa. Lakini ruhusa hiyo si kitu kwa mwendeshaji aogopaye kirungu cha askari gizani, na uchungu wa uzazi haungoji mapambazuko.

Huko Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki wa Hospitali ya Kenyatta alianzisha mpango wa kuwachukua waja wazito bure usiku. Kwetu mambo yalizidi ugumu tarehe 18 Juni 2021: kafyu ikarudishwa saa moja jioni katika kaunti 13, Kakamega ikiwamo, wakati ambapo oksijeni ilihitajiwa sana. Mtu wa Likuyani, kaskazini kabisa, akiishiwa pumzi usiku, hospitali kuu ilikuwa mjini Kakamega.

Miezi ile mwenye motokaa kijijini aligongewa mlango usiku, akaamua mwenyewe kama atatoka. Wengine walitoka. Kafyu iliondolewa nchini kote tarehe 20 Oktoba 2021.