Marais watatu ndani ya siku 112

Mitihani imeisha, bumu nalo limeisha (hilo wala halikuhitaji tangazo), na kilichobaki hapa hosteli ni ubishi tu. Ubishi wa wiki hii: katika miaka ya karibuni, ni mwaka upi watoto wetu watakuja kuusoma kwenye somo la historia? Chumba kizima kilisema 2020, kwa ajili ya korona. Mimi nilisema 2021 na nikazomewa kabla sijafika nusu ya hoja. Kwa hiyo namalizia hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatisha.

Orodha za kawaida za 2021 mnazijua. Zinaanza Januari 6, wafuasi wa Trump wanavamia Bunge la Marekani. Februari 1 jeshi la Myanmar linachukua nchi. Machi 23 meli ya Ever Given, mita 400, inakwama Suez na kuziba mfereji mpaka tarehe 29. Agosti 15 Taliban wanaingia Kabul. Oktoba 7 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, anapewa Nobeli ya fasihi (na tuseme ukweli, wengi wetu siku ile ndio tulianza kuulizana huyu ni nani). Halafu chini kabisa, kama vile nyongeza, yanakuja majina ya marehemu: Prince Philip Aprili 9 akiwa na miaka 99, Colin Powell, de Klerk Novemba 11, Askofu Tutu Desemba 26. Basi, mwaka umefungwa.

Mi naona kosa la orodha hizo ni kutenga vifo upande mmoja na matukio upande mwingine, kana kwamba kifo si tukio. Hebu chukueni kalenda. Machi 17 amefariki Rais John Magufuli. Aprili 20 kikatangazwa kifo cha Rais Idriss Déby wa Chad. Julai 7 akauawa Rais Jovenel Moïse wa Haiti. Marais watatu waliokuwa madarakani, siku 112. Kila nchi ilijikuta na swali lilelile usiku uleule: kiti kiko wazi, nani anakaa, na nani ana haki ya kusema akae fulani? Majibu yakawa matatu tofauti kabisa, na hapo ndipo penye historia.

Nianze nyumbani. Mwezi mmoja kamili kabla, Februari 17, Maalim Seif Sharif Hamad alifariki Muhimbili akiwa na miaka 77. Alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimeshatangaza kwamba ameugua korona, jambo ambalo wakati ule viongozi wengine hawakulisema hadharani. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Maalim aligombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 hadi 2020. Kiti alichokufa nacho ni matunda ya maridhiano, kilitengenezwa na mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, na kwa kuwa utaratibu uliandikwa, chama chake kikapeleka jina jingine. Othman Masoud Othman akaapishwa Machi 2, siku 13 baadaye. Hakuna aliyepigana. Ukikumbuka Zanzibar ya 2001 utajua hilo si jambo dogo.

Kisha Rais mwenyewe. Mara ya mwisho kuonekana hadharani ilikuwa Februari 27. Baada ya hapo siku zikapita, minong'ono ikaanza, simu zikawa hazipoi. Viongozi wakasema yuko salama anachapa kazi, polisi wakakamata watu waliosambaza habari kwamba anaumwa. Hii tabia ya kufanya ugonjwa wa rais kuwa siri ya vita haikuanzia kwetu. Majirani zetu Kenya, Oktoba 1976, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa tamko la kuwakumbusha wananchi kwamba hata kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Ajabu ya tamko lile ni kwamba lilikuwa linalinda Katiba. Kulikuwa na wakubwa waliotaka kuibadilisha ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asirithi kiti, na Njonjo akawafunga midomo. Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 22, 1978, Moi akaapishwa siku ileile kushika nchi kwa siku 90. Aliyebaki miaka 24 ndiye huyohuyo.

Kwetu tangazo lilikuja usiku wa Jumatano, Machi 17, kwa sauti ya Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan. Alhamisi ikapita nchi haina rais aliyeapa. Mnakumbuka maswali ya siku ile? Watu walikuwa wanatumiana picha za kurasa za Katiba kama wanavyotumiana matokeo ya mpira. Ibara ya 37(5) ghafla ikajulikana mpaka kijiweni. Ijumaa, Machi 19, Jaji Mkuu Ibrahim Juma akamwapisha Samia pale Ikulu, Dar es Salaam, na kazi ikaisha.

Sasa hapa nataka mtulie kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Ile ibara ilikuwa na bahati ya kuandikwa mapema. Zamani Tanzania ilikuwa na makamu wawili wa Rais, yaani Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu. Mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992, watu wakagundua hatari: siku moja Rais wa Zanzibar anaweza kutoka chama kingine, na bado awe msaidizi wa kwanza wa Rais wa Muungano. Ndipo marekebisho ya 11 ya Katiba, mwaka 1994, yakaleta mgombea mwenza: mtu mmoja, anayejulikana kwa jina kabla ya kura, na lazima atoke upande wa pili wa Muungano. Aliyeweka utaratibu ule alikuwa anawaza ugomvi wa vyama, wala hakuwa anawaza msiba. Makamu mmoja, Dk. Omar Ali Juma, alifariki akiwa kazini Julai 2001 na nafasi yake ikajazwa na Ali Mohamed Shein. Lakini kwa upande wa Rais kile kifungu kilikaa zaidi ya robo karne bila kuguswa, mpaka Machi 2021. Kumbe kilikuwa kinatusubiri. Mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa nchi hii aliingia kupitia mlango uliotengenezwa kwa sababu nyingine kabisa.

Sisemi yote yalikuwa shwari. Machi 21, watu walipokwenda kuaga mwili Uwanja wa Uhuru, msongamano uliua watu 45, na hawa kwenye orodha za dunia hawamo kabisa, hata mstari mmoja. Wala sisemi kwamba kiapo kinamaliza matatizo ya nchi. Yaliyokuja baadaye, pamoja na machungu ya uchaguzi wa Oktoba 2025, yanahitaji siku yake na moyo wake. Ninachosema ni kidogo tu: usiku ule kulikuwa na jina moja, na wote tulilijua.

Njoo sasa Chad. Idriss Déby alikuwa madarakani tangu Desemba 1990, alipomwondoa Hissène Habré kwa silaha. Aprili 11, 2021 akafanya uchaguzi, Aprili 19 yakatangazwa matokeo ya awali kwamba ameshinda muhula wa sita kwa asilimia 79.3. Kesho yake msemaji wa jeshi anaonekana kwenye televisheni akiwa na magwanda na kusema Rais amefariki kwa majeraha aliyoyapata akipambana na waasi kaskazini. Yaani ushindi na msiba vilipishana kwa siku moja.

Katiba yao ya 2018 haikuwa na utata: Spika wa Bunge anashika nchi kwa muda, uchaguzi unaitishwa ndani ya siku zisizozidi 90. Kilichotokea ni kwamba jeshi lilisimamisha Katiba, likavunja Bunge na serikali, likaunda baraza la majenerali 15, na mwenyekiti wake akawa Mahamat Idriss Déby, miaka 37, jenerali, mtoto wa marehemu. Ikaelezwa Spika mwenyewe hakutaka. Labda. Mwenye bunduki akikuuliza kama unakitaka kiti, na wewe utafikiria jibu.

Kwenye mazishi Aprili 23 Rais Macron wa Ufaransa alikuwepo, mstari wa mbele. Umoja wa Afrika, ambao mwaka huohuo uliisimamisha uanachama Mali, kisha Guinea, kisha Sudan kwa sababu ya mapinduzi, Chad haukuigusa. Ikumbukwe mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja huo wakati ule, Moussa Faki Mahamat, ni mtu wa Chad. Ile miezi 18 ya mpito iliyoahidiwa ikarefuka. Oktoba 20, 2022 vijana wakaandamana kudai ahadi, makumi wakauawa. Mei 2024 uchaguzi ukafanyika na Mahamat akatangazwa mshindi. Kwa hiyo karatasi Chad walikuwa nayo, nzuri tu. Kilichokosekana ni mtu wa kuiogopa.

Na Habré je? Huyo alikuwa Dakar akitumikia kifungo cha maisha, alichohukumiwa Mei 2016 na mahakama maalumu ya Kiafrika kwa makosa dhidi ya binadamu. Akafariki kwa korona Agosti 24, 2021. Aliyepinduliwa na aliyempindua wakaondoka mwaka mmoja, wakipishana miezi minne. Sijaona orodha hata moja iliyowaweka karibu.

Tarehe hiyohiyo, Agosti 24, kwenye Uwanja wa Heroes mjini Lusaka, Hakainde Hichilema alikuwa anaapishwa kuwa Rais wa Zambia baada ya kugombea mara sita na kumshinda rais aliyekuwa madarakani, Edgar Lungu. Na Zambia ndiyo inanileta kwa mzee ambaye bila yeye hadithi hii haikamiliki. Kenneth Kaunda alifariki Juni 17, akiwa na miaka 97. Wazee wetu wanamkumbuka kwa kitambaa cheupe mkononi na kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa ili shaba ya Zambia isipite kwa makaburu. Alikuwa mmoja wa vigogo wale wa mstari wa mbele wa enzi za Nyerere.

Sitaki kumfanya malaika. Miaka 27 alitawala, na mingi kati ya hiyo chama kilikuwa kimoja kwa sheria. Mwaka 1990 bei ya unga wa sembe ilipopanda watu waliingia barabarani na wengine wakafa. Lakini Oktoba 1991 alikubali uchaguzi wa vyama vingi, akashindwa vibaya na Frederick Chiluba, akakabidhi nchi siku chache baadaye, akaondoka Ikulu kwa miguu yake. Malipo yake? Serikali iliyofuata ilimsumbua mpaka mwaka 1999 mahakama ikatamka kwamba si raia wa nchi aliyoipigania, uamuzi uliokuja kutenguliwa. Hata hivyo aliishi miaka karibu 30 akiwa rais mstaafu, na alipokufa hakuna kiti kilichotikisika. Kugombaniwa kuligombaniwa kaburi tu: familia ilisema alitaka alale jirani na mkewe Betty, serikali ikamzika Embassy Park, Lusaka. Ilikuwa Julai 7.

Julai 7! Saa chache kabla ya mazishi hayo, usiku wa manane kule Haiti, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Rais Moïse, juu kwenye vilima vya Pétion-Ville, wakampiga risasi na kumjeruhi mkewe. Sasa tafuta mrithi. Mkuu wa Mahakama ya Juu? Alikuwa amefariki kwa korona wiki mbili nyuma. Bunge? Muda wa wabunge uliisha Januari 2020 bila uchaguzi, wakabaki maseneta 10 tu. Waziri Mkuu? Walikuwa wawili: Claude Joseph aliyekuwa anakaimu, na Ariel Henry aliyeteuliwa siku mbili kabla ya mauaji lakini hajaapa. Katiba? Nayo ilikuwa na sura mbili, ya 1987 na ile iliyorekebishwa 2012, na hazikusema kitu kimoja kuhusu mrithi. Wale maseneta 10 nao wakamchagua mwenzao awe rais wa muda. Waulizwe Watanzania wa ile Alhamisi moja, halafu zidisha mara mia.

Mwisho wa siku waliotoa jibu si Wahaiti. Kundi la mabalozi wa nchi kubwa na mashirika ya kimataifa lilitoa tamko kumtaka Henry aunde serikali, Joseph akakaa pembeni, na Julai 20 Henry akashika madaraka. Agosti 14 likaja tetemeko la 7.2 na kuua watu zaidi ya 2,200. Henry akaendelea mpaka Aprili 2024, magenge yakiwa yameshika sehemu kubwa ya mji mkuu, akaondoka bila kuitisha uchaguzi hata mmoja.

Kuna wanaosema Haiti ni mbali, inatuhusu nini. Oktoba 2023 Baraza la Usalama lilikubali kikosi cha kupambana na magenge kinachoongozwa na Kenya. Juni 25, 2024 polisi mia kadhaa wa Kenya walitua Port-au-Prince, wakashuka kwenye ndege wakiwa na bendera yao. Siku hiyohiyo Nairobi vijana wa rika letu walikuwa wanaingia Bungeni kupinga Muswada wa Fedha, na wenzao walikuwa wamelala barabarani kwa risasi.