Mianga ya Mbinguni na Majina Yake: Habari ya Tunguu

Atokaye Kikwajuni akashika njia ya mashariki hufika Tunguu, palipokuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya anga. Tarehe 20 Februari, 1962, John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia, alizungumza na kituo hicho. Baadaye, jua lilipomchomozea juu ya Bahari ya Pasifiki, aliona maelfu ya chembe za mwanga zikielea kando ya chombo chake. Hakudai kwamba ni nyota. Alizifananisha na vimulimuli.

Neno hilo yafaa tulipime. Mfano hauhukumu, huuacha mlango wa uchunguzi wazi. Tarehe 24 Mei mwaka ule ule, Scott Carpenter aligonga ubavu wa chombo chake kutoka ndani, na vimulimuli vikaruka: kumbe ni chembe za barafu zilizobanduka, zikimulikwa na jua.

Jina ni kitu kingine. Kimwondo, kwa masimulizi ya wazee, ni kijinga cha moto anachotupiwa shetani. Hukumu imetangulia uchunguzi. Hata kituo chenyewe kilipatwa na hayo. Wapinzani wake, kwa hofu ya vita vya mataifa makubwa, walikiita cha makombora, nacho hakikuwa na kombora hata moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari, 1964, kiliondolewa mwaka huo huo.

Basi mkusanyaji wa habari za mianga, Kikwajuni au kwingineko, na aandike kwanza ulifanana na nini, ndipo aandike uliitwaje.