Nyama Mbichi ama Chakula ya Mfuko? Soma Hii Kabla Ulishe Mbwa Wako

Kama una mbwa na una bando, hiyo video ushaipata. Msee wa majuu anafungua friji safi kuliko keja yako, anatoa nyama nyekundu, ini na mayai, anapanga kwa sahani ya chuma, halafu jibwa lake linamanga hadi linalamba sahani. Kwa komenti watu wanapigana. Wengine wanasema chakula ya duka ni sumu, wengine wanasema nyama mbichi italeta ugonjwa kwa nyumba. Na hapa Kakamega mbwa wengi wanangoja ukoko wa ugali na supu ya omena, na hakuna mtu anawachukua video.

Tuanze na hii vita ilitoka wapi. Chakula ya mbwa ya kununua si kitu ya jadi. Ilianza London karibu mwaka wa 1860, wakati Mmarekani anaitwa James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa. Kabla ya hapo mbwa alikuwa anakula kile kimebaki. Halafu 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, akatoa kitabu akisema turudi kwa mifupa na nyama mbichi, ju mbwa ni mbwa mwitu tu amekubali kulala kwa mlango. Hiyo ndo inaitwa BARF, na ndo inatrendi hadi leo.

Shida ni moja: mbwa sio mbwa mwitu. Mwaka wa 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walilinganisha jeni za hao wawili. Jeni ya kusaga wanga, mbwa mwitu huwa na nakala 2. Mbwa wa nyumbani anaweza kuwa na 4 hadi 30. Kwa lugha ya mtaa, mbwa amekaa na binadamu hadi tumbo lake likajifunza ugali. Kwa hivyo usione aibu. Ugali peke yake haitoshi, lakini sio matusi kwa mbwa.

Sasa nyama mbichi. Kwanza piga hesabu. Wale wa BARF huambiana mbwa mkubwa ale kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kila siku. German Shepherd wa kilo 30 hapo anataka gramu 600 hadi 900. Kila siku! Kuna ploti nzima hapa Lurambi hazioni hiyo nyama kwa wiki. Kwa hivyo mtu wetu akisema analisha mbwa nyama mbichi, mara nyingi anamaanisha matumbo, mapafu na vile vipande vya buchari vinauzwa bei ya chini kwa karatasi ya jana.

Na hapo ndo noma iko. Uliza watu wa Turkana. Utafiti wa miaka ya 70 na 80 ulipata kaskazini magharibi ya Turkana ikiwa na visa vya ugonjwa wa hydatid vingi kuliko karibu mahali popote duniani, zaidi ya 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kuanzia 1983 AMREF walikuwa huko na mradi mzima wa kupambana nao. Inaenda hivi: mnyama anachinjwa, ini ama mapafu yako na uvimbe wa maji, mtu anatupia mbwa hiyo kitu mbichi. Ndani ya mbwa inageuka minyoo midogo sana. Mbwa mwenyewe haonyeshi kitu, anacheza tu. Lakini mavi yake yako na mayai, mayai yanashika manyoya, mtoi anamshika mbwa halafu anakula mandazi. Miaka inapita. Siku moja mtu anafika hosi akiwa na uvimbe kwa ini mkubwa kama chungwa ama zaidi, na anahitaji operesheni.

Utasema Turkana ni mbali. Sawa, lakini mifugo husafiri kwa lori, na sisi watu wa magharibi tunajua kuchinja nyumbani. Fikiria matanga. Ng'ombe anaangushwa nyuma ya nyumba, hakuna mkaguzi wa nyama, vijana wanagawana kazi, na mbwa wa kijiji kizima wamejipanga wakingoja kutupiwa. Nimekaa kwa hizo matanga tangu nikiwa mdogo na sijawahi ona mtu akisema hiyo ini ichomwe ama izikwe. Ikiwa na uvimbe wa maji, zika chini sana ama choma kabisa. Zile zingine, chemsha nusu saa ama zaidi ndo umpe mbwa. Na usisahau dawa ya minyoo yenye praziquantel. Ni bei nafuu kuliko operesheni ya mtoi.

Kuna pia bakteria. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima sampuli 196 za chakula mbichi cha mbwa na paka kati ya 2010 na 2012. Salmonella ilikuwa kwa 15, Listeria kwa 32. Na hizo ni pakiti za kiwanda, zimegandishwa vizuri. Kugandisha hakuui Salmonella, inalala tu ikingoja joto. Mbwa anaweza kuibeba bila kuugua, halafu alambe mtoto uso.

Mifupa? Ile iliyopikwa, hasa ya kuku, inavunjika kama kioo na inaweza kutoboa utumbo. Najua ni ngumu kusikia hivyo mahali ingokho ni dini, lakini hizo mifupa za Sunday tupa mbali.

Sasa usishangilie mapema, wewe wa mfuko. Chakula ya duka ikiwa sawa, iko na kila kitu mbwa anahitaji, hiyo siwezi pinga. Lakini nyingi zimetengenezwa na nafaka, na nafaka Kenya iko na historia. Mwaka wa 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya kuvu ya mahindi. Mwaka wa 2004 ikaua watu 125 pande za Ukambani. Mwisho wa 2020 ikatokea Marekani kwa chakula inaitwa Sportmix, na zaidi ya vifo 100 vya mbwa vikaripotiwa. Hii sumu haitoki ukipika. Inagonga ini polepole, na mbwa hana njia ya kukwambia.

Hii imenigusa. Nilipoacha kampasi nikarudi nyumbani, mathe alinipea kijibwa, tukamwita Soja. Nikataka kumlea kisasa, nikawa naenda duka moja kununua ile chakula ya kupimiwa, ju mfuko mzima ulikuwa umenishinda. Gunia lilikuwa wazi, karibu na mlango, na unajua mvua ya Kakamega, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ilikuwa na harufu kidogo ya stoo. Nikajiambia ni harufu tu. Wiki ya tatu Soja akakataa kula, akatapika, fizi zikageuka njano. Daktari alisema ini imechapwa. Hatukupima chakula, kwa hivyo siwezi apa. Siku ya nne tulimzika chini ya mparachichi.

Kwa hivyo nunua mfuko umefungwa, angalia tarehe na alama ya KEBS, na uweke mahali pakavu ndani ya ndoo ya kifuniko. Ikinuka kuvu, tupa, hata kama ulitoa thao mbili. Na yale mahindi yameoza mathe anasema "hii tupee mbwa", hapana. Kama haifai wewe, haifai yeye.

Sai niko na Tarzan, mbwa koko wa kawaida. Anakula ugali ya unga mzuri, matumbo ama mapafu yaliyochemshwa, na omena, ambayo naipepeta mchanga kwanza. Omena analiwa mzima na mifupa yake midogo, kwa hivyo kalsiamu inaingia. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na kijibwa kikilishwa hiyo peke yake miguu inapinda. Kama yako bado inakua na ni ya zile aina kubwa, tafuta chakula ya mfuko ya vijibwa, angalau hadi amalize mwaka. Supu ya kitunguu usimpe, inaharibu damu yake. Chumvi kidogo sana, chokoleti na zabibu kavu hapana kabisa.

Mathe bado anasema napikia mbwa kama mgeni. Lakini jioni nikichelewa, yeye ndo huweka hiyo sufuria ya matumbo kwa jiko.