Nani Amkingaye Daktari wa Mji?

Mwaka 1855 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uendeshaji wa jiji la London. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichozitia tumbojoto parokia nyingi: kila baraza la parokia na kila bodi ya wilaya ilitakiwa kumwajiri daktari wa afya, mtu wa kuangalia kinachowaua wakazi na kusema kizuiliweje. Mwaka uliofuata walikuwa wameajiriwa madaktari 48. Haja yao haikuwa na ubishi. Kipindupindu kilikuwa kimelipiga jiji mara mbili ndani ya miaka sita, na katika wimbi la 1848–1849 peke yake kiliua watu wapatao 14,000. Ubishi ulikuwa kwenye mambo mawili: nani amlipe daktari, na akishasema, nani amsikilize.

Hapo ndipo mkasa wenyewe ulipoanzia. Daktari alitakiwa kukagua nyumba za kupanga, machinjio, visima, na mazizi ya ng'ombe yaliyokuwa katikati ya jiji, kisha aende mbele ya baraza aseme ni jengo lipi halifai kukaliwa na ni karo lipi limefurika. Wajumbe wa baraza hilo wengi walikuwa wenye nyumba, wauza nyama na wafanyabiashara wa mtaa. Kwa hiyo alikuwa akiishitaki mali ya mwajiri kwa mwajiri mwenyewe. Haya si maneno ya wenye chuki. Tume ya Kifalme iliyochunguza makazi ya wafanyakazi mwaka 1884 na 1885 iliwakuta wapangishaji wa vibanda vibovu wakiwa wamekalia viti vya baraza la Clerkenwell. Tena wengi wa madaktari hao walilipwa kiasi kidogo kwa kazi ya nusu muda, huku wakiendelea kutibu wagonjwa binafsi ili wapate riziki. Ukimkasirisha tajiri wa mtaa barazani asubuhi, jioni hakuiti nyumbani kwake kumtibu mtoto.

William Rendle, daktari wa afya wa parokia ya St George the Martyr huko Southwark, aliyaonja hayo mpaka akachoka. Alijiuzulu, akagombea ujumbe, akaingia ndani ya baraza lilelile lililokuwa likimpuuza, na mwaka 1865 akachapisha kitabu kuhusu mabaraza ya London na kazi yao ya usafi. Ni njia ya kijasiri, lakini haiwezi kufuatwa na watu 48.

Wenzake walishika njia nyingine. Mwaka uleule wa 1856 waliunda chama chao na kumchagua John Simon kuwa rais. Simon alikuwa amelitumikia eneo la kale la City, katikati ya London, akiwa daktari wake wa afya tangu 1848, akajipatia jina kwa ripoti zake za mwaka zilizosomwa hata na watu wasiojali mifereji. Chama kilikutana kila mwezi. Mtu anayezisoma habari za vikao hivyo leo anaweza kuyaona mambo yake kuwa madogo: jedwali la vifo lipangwe vipi, ugonjwa fulani uitweje, harufu ya viwanda vya kuchemsha mifupa ishitakiwe kwa kifungu gani. Mimi naona hapo ndipo ilipokuwa nguvu yao. Daktari mmoja akisema vifo vya watoto katika parokia yake vimezidi, mwenyekiti humjibu kwamba watoto hufa kila mahali. Akisimama na takwimu za parokia jirani zilizopangwa kwa namna ileile, jibu hilo halina pa kushika. Ndiyo maana kati ya mambo ya mwanzo waliyoshughulikia ni kupata kwa utaratibu hesabu za vifo kutoka kwa Msajili Mkuu wa vizazi na vifo, na kukusanya taarifa za wagonjwa wapya kutoka hospitali na zahanati za umma.

Tuchukue mfano mmoja. Katika kiangazi cha 1870 homa ya matumbo ilizuka katika sehemu moja ya Islington. Daktari wa afya wa hapo, Edward Ballard, hakuishia kulaani uchafu kwa jumla kama ilivyokuwa desturi. Aliuliza nyumba kwa nyumba: maji mnateka wapi, karo lenu likoje, maziwa mnanunua kwa nani? Nyumba zilizougua zilitofautiana kwa mambo mengi, nyingine za wenye uwezo, lakini zilikutana kwenye duka moja la maziwa. Pale dukani palikuwa na tangi la maji chini ya ardhi, na maji yake yalikuwa yameingiliwa na uchafu wa mfereji. Wakati huo wengi walikuwa bado wanaamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya. Uchunguzi wa namna hiyo ulipochapishwa na kujadiliwa na wenzake, daktari wa wilaya nyingine aliyekutana na mlipuko kama huo alijua swali la kuanza nalo, hata kama hakuwahi kukanyaga Islington.

Vyama vya namna hiyo vilizuka mikoani pia, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1880 vikaungana na kile cha London kuwa chama cha nchi nzima. Mwaka 1888 kilianza kutoa jarida lake, Public Health, ambalo linachapishwa mpaka leo. Mwaka huohuo sheria ya serikali za mitaa ilitaka daktari wa afya wa eneo lenye watu 50,000 au zaidi awe na stashahada maalumu ya afya ya umma.

Tusiwapake asali, hata hivyo. Chama kilikuwa pia ngome ya wenye cheo. Wakaguzi wa usafi, wale waliozunguka vichochoroni na kuingia vyooni kwa niaba ya daktari, hawakuwa na kiti humo. Mwaka 1883 wakaunda chama chao, na rais wao wa kwanza akawa Edwin Chadwick, mzee wa vita vya usafi ambaye siku zote aliwaamini wahandisi kuliko madaktari. Bwana afya tunayemjua sisi, yule anayepiga mhuri nyama na kufunga mgahawa usio na choo, kwa kazi yake ni ndugu wa wakaguzi hao zaidi kuliko wa akina Simon.

Lakini katika jambo moja chama kilipigana bila kuchoka, nalo ni ajira. Daktari anayeweza kufukuzwa kwa kura ya jioni moja hawezi kumtaja mwenye nyumba. Sheria ya afya ya London ya 1891 iliamua kwamba daktari wa afya wa jiji hilo hataondolewa ila kwa idhini ya bodi ya serikali kuu iliyosimamia serikali za mitaa. Wenzao wengi wa mikoani walisubiri hadi 1921 kupata kinga kama hiyo, wakaipata pamoja na wakaguzi wa usafi. Tangu parokia za London ziajiri madaktari wao, ilikuwa imepita miaka 65.

Mwaka huohuo wa 1921 Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, ambayo sasa ni Sura ya 242, ilianza kutumika ikiwa na cheo kilekile cha London, na hadi leo katika kaunti za Kenya utasikia daktari mkuu wa eneo akiitwa MOH, kifupisho cha jina la Kiingereza la cheo hicho. Cheo kilivuka bahari. Ile miaka 65 ya mivutano iliyokijenga ilibaki Uingereza.

Uingereza yenyewe ilikifuta cheo hicho mwaka 1974, ilipozihamishia huduma zake kwenye mamlaka za afya. Baadaye wakaja wakurugenzi wa afya ya umma, na chama chao cha sasa kinahesabu asili yake kuwa ni kile cha 1856. Aprili 2013 wakurugenzi wa England walirudishwa chini ya mabaraza ya mitaa, mwaka uleule ambao kaunti za Kenya zilikabidhiwa huduma za afya. Mwaka 2020, korona ilipokuwa imepamba moto na mji wa Leicester ukafungwa tena peke yake mwishoni mwa Juni, viongozi wa huko walilalamika kwamba takwimu kamili za vipimo vya watu wao zilichelewa kuwafikia. Chama kikashinikiza wakurugenzi wapewe takwimu hizo hadi ngazi ya mtaa. Simon angeielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Ambacho pengine asingekielewa ni kifungu cha ajira. Sheria ya sasa ya England inalitaka baraza lishauriane na waziri kabla ya kumfukuza mkurugenzi wake wa afya ya umma. Linatakiwa kushauriana naye tu. Idhini yake, ile iliyopatikana kwa jasho mwaka 1891, haihitajiki tena.