Wake wa Mabaharia

Leo twataka kuwaeleza habari za watu ambao majina yao hayakuandikwa sana vitabuni, ingawa kazi yao ilikuwa kubwa. Nao ni wake wa mabaharia wa Uingereza.

Zamani hizo maharamia walitoka katika bandari za Salé, nchi ya Moroko, na Algiers. Waliteka merikebu baharini, wakawachukua Wakristo waliomo na kuwauza utumwani. Tajiri aliweza kukombolewa na ndugu zake. Lakini baharia maskini, nani angemlipia? Mkewe alikaa nyumbani, si mke wala mjane, na watoto wana njaa.

Basi mwaka 1626 wake wa mabaharia wapatao 2,000 waliofungwa Salé walipeleka ombi kwa Duke wa Buckingham, mkuu wa manowari za mfalme, wakimsihi waume zao wakombolewe. Mwaka 1627 John Harrison, mjumbe wa Mfalme Charles wa Kwanza, alifanya mapatano na watu wa Salé, akapata wafungwa wapatao 190.

Walikuwa wachache, na wengi wengine walitekwa baadaye. Tena walikuwako wakubwa waliosema, fedha ya ukombozi itawatia maharamia tamaa, na mabaharia hawatapigana wakijua watakombolewa. Neno hilo lilikuwa na maana, lakini waliolinena hawakuwa na mtu wao minyororoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanawake hawakunyamaza, waliendelea kupeleka maombi yao kwa mfalme na kwa Bunge.

Mwishowe, mwaka 1642, Bunge lilitoza kodi juu ya bidhaa ili kupata fedha ya ukombozi. Mwaka 1646 Edmund Cason alifika Algiers, akakomboa watu 240 hivi.

Tusidhani ubaya huo ulikuwa wa upande mmoja. Wakristo wa Malta waliwafanya Waislamu watumwa mpaka mwaka 1798, na merikebu za Waingereza wenyewe zilichukua Waafrika kuwauza ng'ambo. Algiers iliahidi kuacha utumwa wa Wakristo mwaka 1816, baada ya kupigwa mizinga.

Wanawake wale hawakuwa na mizinga wala mali. Walikuwa na haki yao tu, nao waliidai mpaka wakasikiwa.